Ulimwengu Unakaa Wapi

Kituo cha Antena
9 Machi

Dada,

Kosa, kwa maana tunayoitumia hapa kituoni, ni tofauti kati ya kiasi kilichopimwa na kiasi cha kweli. Si dhambi, wala si uzembe. Kila kipimo kina kosa lake, na kipimo kisichoandikiwa kosa lake hatukiiti kipimo, tunakiita uvumi. Kitenzi chake, hata hivyo, kina tabia ya kinyonga. "Nimekosa" aweza kusema mlenga shabaha aliyepiga kando. Aweza kusema mtu aliyetoka dukani mikono mitupu. Na aweza kusema aliyemdhulumu mwenziwe, akiwa amepiga magoti kuomba radhi. Naanza na ufafanuzi huu kwa sababu neno hilo ndilo linalonifanya nivunje kimya chetu cha miaka sita.

Mwezi mmoja uliopita Kitinda, mdogo wetu wa mwisho, alinitumia bahasha kwa posta. Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi, kimo chake hakizidi vidole vinne, chenye neno moja kwa mwandiko wake: Nimekosa. Hakuna salamu, tarehe wala sahihi. Hakuna hata nukta mwishoni, na huyu ni mtu anayejiita mwandishi. Nilikisoma, nikadhani nimekielewa, nikakitia kwenye droo. Nilidhani anakiri kwamba kitabu chake kile kina kasoro.

Unajua kitabu chenyewe kilikoanzia. Alikuwa na miaka saba, tumeketi na Baba kibarazani, akauliza: ulimwengu unakaa wapi? Mimi nilimjibu kwamba swali halina maana, kwa kuwa "wapi" imo ndani ya ulimwengu, si ulimwengu ndani ya "wapi". Wewe ulimjibu kwamba unakaa mkononi mwa Mungu. Baba akasema unakaa hapohapo alipoketi yeye, na asiyeridhika ahame. Tulicheka wote isipokuwa aliyeuliza. Ameshinda na swali hilo miaka ishirini na minne.

Samahani kwa mwandiko uliokatika hapo juu. Kalamu ya mtambo imeruka mara tatu sasa hivi, saa kumi na dakika saba. Ni kengele ya lango: cheche yake hunaswa na kipokezi chetu cha mawimbi ya nyota na kuchorwa kwenye karatasi kana kwamba imetoka angani. Nimekataza isipigwe saa za kipimo, na agizo nimelibandika mwenyewe. Nimezipitishia mstari alama hizo na kuandika pembeni: kosa la nje.

Narudi kwenye habari. Mama ameniletea barua kwa mkono wa jirani. Kitinda hajaenda kumwona tangu mwisho wa Januari, naye hakuwahi kupitisha Jumapili mbili. Mama haulizi mengi. Anauliza kama kifua chake kimepona, maana baridi imeanza. Unaikumbuka pumu ile. Unakumbuka tulivyopokezana kumkalisha wima, wewe ukimwombea, mimi nikimhesabia pumzi.

Niambie kama amekuandikia. Sikuombi tusuluhishe yale ya mazishi ya Baba.

Nduguyo

*

Nyumba ya Watawa
Karakana ya Kujalidi Vitabu
15 Machi

Mdogo wangu, Bwana Vipimo,

Miaka sita, kisha unaanza kwa fasili. Ungekuwa mtu baki ningeudhika. Kwa kuwa nimekubeba mgongoni, nimecheka mpaka mwenzangu akaangusha brashi ya gundi. Kisha nikafika kwenye neno lenyewe na kicheko kikanikauka.

Tumetoka mafungoni tarehe 5. Kwa siku thelathini hatusemi, hatupokei mgeni, hatufungui barua; zote hukaa kwenye droo ya Mama Mkuu. Kwa hiyo usinihesabu miongoni mwa waliojua mapema.

Umeorodhesha maana tatu kama mtu anayepanga vijiko, kisha ukachagua ile inayofanana na kazi yako. Mimi nachagua ya tatu. Kitinda si mtu wa kumwandikia kaka yake bahasha nzima kwa sababu ya hesabu iliyokwenda kombo. Huyu anaungama. Nukta hakuiweka kwa sababu anayeungama hamalizi sentensi mwenyewe; anangoja anayemsikiliza aimalize. Hilo halimo kwenye vitabu vyako, na silisemi kwa kukusimanga.

Wala usijitese. Ninazo sababu, ambazo sitaziandika kwa kuwa utazicheka, za kuamini kwamba amekipata alichokuwa akikitafuta, na kwamba popote alipo yuko mahali pema. Mtu akifikia hatua hiyo hutaka kukaa peke yake. Tumwache kidogo. Mwambie Mama atulie.

Kuhusu mazishini: ulisema mbele ya kaburi lililo wazi kwamba hakuna anayesikia, nami nikakunyang'anya koleo mbele ya watu. Koleo nakurudishia. Neno lile bado liko kwako.

Dada yako

*

Kituo cha Antena
21 Machi

Dada,

"Mahali pema" ni maneno wanayoandikiwa wafu. Sitaki kuyaona tena katika barua yako.

Jumamosi nilikwenda chumbani kwa Kitinda. Mlango ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na kitanda kipya, pazia la maua, na mwanamke kijana mjamzito aliyekuwa akimenya viazi. Mama mwenye nyumba alinidaka kwa maelezo kabla sijamaliza salamu. Kwamba yeye hakumfukuza mtu. Kwamba mwanawe amerudi kutoka kazini mbali, na mke, na tumbo la mke, "na mimi mkwe wangu nimlaze wapi, juu ya jiko?" Kwamba Kitinda mwenyewe alisema haidhuru, akakung'uta godoro lake na kumwachia bibi harusi. Hiyo ilikuwa tarehe mbili Februari. Nilipomuuliza alikwenda wapi, alinitazama kama mtu anayetazama saa iliyosimama.

"Si alisema ana ndugu wawili wasomi? Alisema hawezi kulala nje na wao wapo."

Kwangu hakufika. Hilo naweza kulithibitisha.

Aliacha sanduku, nami nimelibeba. Ndani yake mna muswada wa kitabu, na sasa sina budi kukueleza jambo nililolificha katika barua ya kwanza. Mwezi Desemba aliniletea muswada huo akiniomba niukague upande wa sayansi. Niliurudisha na orodha ya makosa mia mbili na kumi na manne, yote yamepewa namba, kwa wino mwekundu. Sikuongeza neno lingine. Sikuandika kwamba niliusoma mara mbili. Ukurasa wa tisini anaieleza nuru ya nyota iliyosafiri umri wote wa dunia, ikapita kila kitu bila kugusa chochote, ikaishia kwenye jicho la mbuzi aliyefungwa uani. Niliposoma hapo nilisimama nikazunguka chumba. Kisha nikaketi nikaandika: "Kosa la 131. Nyota hii ni hafifu mno. Mbuzi hawezi kuiona."

Dada, ameyasahihisha yote. Ameunakili upya ukurasa kwa ukurasa, kwa mkono, kurasa mia tatu na nane. Mbuzi ameondolewa. Nuru sasa inaishia kwenye "kipokezi chenye unyeti wa kutosha", maneno yangu mwenyewe, na ukurasa umekufa.

Niliposoma "Nimekosa" niliipokea kama stakabadhi: orodha yako imefika, nimekubali. Sasa naogopa kwamba maana yako ndiyo ya kweli. Naogopa, na sijui namna ya kuandika hili kwa uangalifu unaostahili, kwamba mtu anayetuma neno moja kisha akatoweka hamuagi mwenye nyumba peke yake.

Umesema unazo sababu. Zitaje. Sitacheka.

Nduguyo

*

Karakana ya Kujalidi Vitabu
26 Machi

Mdogo wangu,

Naandika nimesimama kwenye meza ya kukatia karatasi, kwa kuwa nikiketi sitamaliza.

Mama Mkuu alipotugawia barua tarehe 5, mojawapo ilikuwa bahasha ya Kitinda, muhuri wa posta wa tarehe 6 Februari. Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi chenye maneno haya, kwa herufi ndogo, na nukta mwishoni: mahali pa kukaa.

Nililia kwa furaha. Nilidhani ni jibu la swali lake. Miaka yote namwandikia kwamba roho ina makao, naye hunijibu kwa mzaha kwamba Mungu wangu ni mwenye nyumba asiyeonekana siku paa likivuja. Nikasema: leo amepata. Hata mtawa wa mlangoni aliponiambia kwamba mwanzoni mwa mafungo alikuja kijana mwembamba akiniulizia, akaambiwa nyumba iko kimya hadi tarehe 5, akajibu haidhuru, niliona kwamba imekamilika: alikuja kusali. Nilikitia kipande ndani ya kitabu changu cha sala. Sikukwambia kwa sababu ungekuja na rula.

Barua yako ya godoro ilipofika nilikitoa, nikakiweka mezani, na mbele yake nikaandika kwa chaki neno lako.

Nimekosa mahali pa kukaa.

Isome tena, kwa sauti kama unaweza. Haina dhambi ndani yake. Haina hesabu. Haina mbingu. Mchuuzi yeyote wa barabarani angeielewa kwa mara moja, na angesogea kwenye benchi kumpisha. Sisi wawili tumebishana juu ya nukta.

Nilifanya jambo moja zaidi, ambalo ndilo pekee nililolifanya vizuri mwaka huu. Nimeshona na kukata karatasi miaka kumi na saba. Ukingo uliotoka kiwandani umenyooka na ni mgumu. Uliokatwa kwa kisu cha mkononi una manyoya. Kipande changu kina manyoya juu na chini. Tazama chako: nakuapia kwamba juu kimenyooka, na manyoya yako chini tu. Chako ni kichwa cha ukurasa. Changu ni tumbo. Miguu iko wapi, mdogo wangu? Kuna kipande cha tatu.

Nani mwingine angempelekea? Nimekaa na swali hilo kwa muda uleule uliokuchukua kulisoma. Mama. Mama asiyeona herufi tangu mtoto wa jicho ammalize, anayeishi kwenye chumba kimoja kwa Shangazi, ambako Kitinda asingediriki kwenda kujibana na kikohozi chake. Aligawa aibu yake mara tatu ili isimlemee mmoja wetu, na ili isisomeke mpaka tukutane. Alidhani tungekutana. Alidhani sisi ni watu ambao mmoja akipata nusu ya neno atamtafuta mwenziwe siku hiyohiyo.

Panda gari la kwanza. Usijibu barua hii.

Dada yako

*

Kwa Mama
30 Machi

Dada,

Kipo. Ukingo wa chini umenyooka, wa juu una manyoya.

Mama alikiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na vifungo vya nguo. Jirani alitaka kumsomea siku kilipofika, akamkatalia; barua ya Kitinda, alisema, haisomwi na mtu baki. Aliniambia alijua tutakuja, tumechelewa tu. Alilisema hilo bila lawama, jambo ambalo lilinikata zaidi.

Kabla hajanipa alikishika kwa ncha za vidole, kama anavyofanya kila siku kwa wiki saba sasa, akanieleza anachokijua. "Kalamu imebonyea sana mwanzo, katikati imelegea, mwisho imegusa tu. Aliyeandika amechoka, mwanangu. Hapo hata kupumua anapumua kwa kazi." Sina kifaa kinachopima vizuri zaidi ya hapo.

Kipande kinasema: Nitakuwa stesheni, chumba cha abiria, hadi mwisho wa Februari.

Mwisho wa Februari ulipita siku thelathini zilizopita.

Mama aliniuliza amesema anakuja lini. Nilimwambia anamsalimu sana, na kifua hakijambo. Kisha akaniuliza kwa nini nasoma maneno machache hivyo kwa muda mrefu hivyo.

Naelekea stesheni kwa gari la saa saba.

Nduguyo

*

Nyumba ya Watawa
2 Aprili

Mdogo wangu,

Mama Mkuu amenipa ruhusa ya siku kumi. Nitafika tarehe 7 kwa treni ya asubuhi. Barua hii natuma kituoni kwako, kwa kuwa najua utapita hapo.

Usiwaulize wakuu wa stesheni, watakufungulia majalada. Waulize wanaofagia.

Unapaswa kujua kwamba kwa siku nne sasa sijasali. Si uasi. Nikipiga magoti linanitoka neno moja tu, nalo si langu, ni lake, na halina nukta.

Kama umempata, usinipe maelezo. Andika tu "yupo".

Dada yako

*

Kituo cha Antena
6 Aprili

Dada,

Siwezi kuandika neno uliloniomba, wala siwezi kuandika kinyume chake. Kitinda alikuwa hai tarehe 9 Machi, saa kumi na dakika saba alasiri. Hayo nayajua kwa uhakika ambao sijawahi kuwa nao juu ya jambo lolote. Barua hii atakupa mlinzi wa kituo, atakayekungoja stesheni kesho. Mimi nitakuwa nimeshatoka kwenda kutafuta. Isome kabla hatujaonana, kwa sababu sidhani kama nitaweza kuyasema haya kwa mdomo.

Wakuu wa stesheni walinifungulia majalada bure; nilipopita hapa nikaikuta barua yako, nikarudi kumfuata mfagiaji, kama ulivyoagiza. Ni mama wa makamo mwenye funguo nyingi kiunoni. Nilipomtaja mtu mwembamba mwenye kikohozi, alisimamisha ufagio.

"Mwandishi? Wewe ndiye kaka wa mitambo au ndiye dada mtawa?" Aliona sicheki, akalainika. Alisema Kitinda aliketi benchi la mwisho wiki tatu nzima na kumsomea kurasa za kitabu alizokuwa akiziandika upya. Alimwambia anachunguza ulimwengu unakaa wapi. Mama huyo akamjibu unakaa mgongoni mwa anayefagia. Kitinda aliliandika hilo palepale, akacheka, kikohozi kikamkamata na hakikumwachia. Kila treni ilipoingia aliinuka, akatazama mlangoni, akaketi. "Nikamwambia, hao wako hawaji. Akasema wanakuja, ila wao husoma polepole." Tarehe 27 Februari watu wa reli walimbeba hospitali.

Hospitali nilipata jalada lake. Alilazwa siku kumi, akapata nafuu. Muuguzi wa wodi anamkumbuka kwa sababu ya fomu ya kutokea: mgonjwa wa kifua haruhusiwi kuondoka msimu wa baridi bila kuonyesha anakokwenda. Fomu ina mstari uliochapishwa: Mahali pa kukaa. Muuguzi anasema Kitinda aliutazama mstari huo muda mrefu, akatabasamu peke yake, kisha akajaza. Nimeona mwandiko. Umeandikwa: kwa kaka, Kituo cha Antena. Tarehe ya kutoka ni 9 Machi, asubuhi.

Nilirudi huku usiku huohuo, na kulipopambazuka nikaomba daftari la wageni. Mlinzi alinipa kwa mikono miwili.

"9 Machi, saa 10:07. Mwanamume mmoja, mwembamba, anakohoa, ana mfuko wa karatasi. Anadai ni ndugu wa Mkuu. Kapiga kengele mara tatu. Kaonyeshwa agizo. Kaondoka kwa miguu."

Nilimuuliza kwa nini hakunipa habari. Hakukasirika, alinitazama kwa huruma. "Mkuu, agizo ni lako. Umeliandika kwa herufi kubwa: asiitwe mtu, usiletwe ujumbe. Na kila wiki anakuja mmoja anayedai ni nduguyo, anatafuta kazi. Huyu alisoma agizo lote mpaka chini. Akasema limeandikwa vizuri, halina kosa."

Nimeikunjua karatasi ya mtambo ya tarehe hiyo. Miruko mitatu ipo, chini ya mstari wangu mwekundu, na maneno yangu pembeni. Sikuwa nimeitazama vizuri. Wa kwanza ni mrefu. Wa pili ni mfupi kidogo. Wa tatu umegusa karatasi tu. Mama angeusoma kwa vidole.

Kutoka kengeleni hadi kitini kwangu ni hatua sitini na mbili. Nimezipiga mara mbili. Wakati ule nilikuwa nikikuandikia barua ya kwanza. Nilikuwa nimemaliza tu kueleza swali lake la utotoni, na nimekatizwa kuandika na yeye mwenyewe, nami nikakuomba radhi kwa mwandiko.

Agizo nimelibandua. Tangu jana mitambo nimeizima, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja. Walinzi wanashika zamu za kuulizia njiani, nami nimeshapita zahanati mbili, ghala la nafaka na makanisa yote ya upande huu. Kuna mwenye duka aliyemwona mtu akinywa maji bombani tarehe 10 au 11; hana hakika. Kosa la kipimo hicho ni siku moja. Ni kosa dogo. Kwa baridi hii ni kubwa mno.

Kuna jambo najaribu kulifikiri kwa utaratibu, kwa kuwa utaratibu ndio pekee uliobaki mkononi mwangu. Tulizoea kusema, mimi na wewe, kwamba ulimwengu una wasomaji watatu: anayepima, anayesali na anayesimulia, na kwamba ugomvi wetu ni juu ya nani anasoma sawasawa. Kitinda hakugombana. Alimwendea kila msomaji kwa lugha yake. Alisimulia, kwa sentensi moja ya maneno manne, nasi tukaikata maana kama yeye alivyoikata karatasi. Alikuja kwenye mlango wako, akakuta kimya, akakiheshimu. Mwisho akaja kwangu na kusema kwa lugha ile ile ninayodai kuiamini peke yake, alama kwenye karatasi, zenye saa na dakika, zinazoweza kukaguliwa na mtu yeyote. Niliziona. Nilizitambua kwamba hazitoki angani. Kisha nikazifuta kwa sababu hazitoki angani.

Tukimpata, nitamwomba amrudishe mbuzi. Nitamwambia nimekosa, na nitaweka nukta.

Lakini leo, Dada, kabla hatujampata, nijibu wewe uliyesoma vitabu nisivyovisoma: mtu aliyetuambia kwa barua, kwa kimya na kwa kengele, alikuwa amebakiwa na lugha gani?

Nduguyo